Mashine Isiyo na Mama

Binti yangu alipopata nafasi ya kwenda Ulaya kusomea shahada ya pili, uhandisi wa roboti, aliyekataa ni mama yangu mzazi. Mimi sikukataa wala sikukubali. Niliishia darasa la nne, roboti sikujua ni mnyama gani.

Tulikuwa tunakaa Magu, tunalima pamba na mpunga. Biashara huria ndiyo kwanza ilikuwa imefunguliwa, wanunuzi binafsi wa pamba wamejaa barabarani na mizani zao, mitumba kila mahali. Mimi mwenyewe nilivaa koti la kike mwaka mzima bila kujua, na hakuna aliyenicheka ila shemeji yangu. Lakini nilikuwa nasema habari za mama.

Binti alimweleza bibi yake wakichambua mchele: ni mashine inayofanya kazi yenyewe, haili, hailali, haidai mshahara, ukiiamuru inatii. Mama akaweka ungo chini.

"Mke mwenzangu," alimwita hivyo siku zote kwa utani wa bibi na mjukuu, ila siku hiyo hakutania, "huo ni msukule."

Kwetu mtu akifa ghafla, husemwa hakufa, kuna mchawi amemchukua anamlimisha shamba lake. Na miaka ile bibi kizee mwenye macho mekundu aliitwa mchawi, hakuishi kwa amani. Ya mama yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni tu.

"Majirani watasema mimi ndiye niliyekufundisha," akasema.

Sasa, msafiri wa kwetu hupuliziwa maji ya baraka kifuani na mkubwa wa nyumba, na mkubwa alikuwa mama. Nikamwambia binti, "Nenda tu, atatulia."

"Baba, nitasomaje huku bibi ananiogopa?"



Binti akaenda sokoni Buzuruga, akarudi na kigari cha kuchezea cha mtumba, akakifungua, akakifunga nyaya upya. Asubuhi akakiachia uani. Kikaenda, kikagusa ukuta, kikageuka chenyewe. Kuku wakatawanyika. Mama akatoka jikoni na mwiko.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nani anakiendesha?"

"Hakuna. Njoo ukishike."

"Nikishike mimi? Kishike wewe uliyesoma!"

Binti akakipindua, akatoa betri, akamwekea bibi yake kiganjani. Kigari kikanyamaza. Betri zenyewe zilikuwa za redio yangu, nilizitafuta tangu alfajiri.

"Hiki kina mama yake?" mama akauliza.

"Hakina."

"Kuna mtu anakililia?"

"Hakuna, bibi."

"Msukule analiliwa na mama yake." Akazitazama zile betri. "Sasa ni cha kazi gani?"

"Kuingia mahali ambapo mtu akiingia anakufa. Kwenye shimo la dhahabu, tuseme."

Mdogo wangu alifukiwa na shimo la dhahabu huko Geita, mwili hatukuupata. Watu walisema naye amechukuliwa. Mama hakuwahi kulitaja jambo hilo mbele yetu. Akakaa chini palepale uani, akakipakata kile kigari kama kifaranga.

"Kingeingia hiki," akasema, "mwanangu angebaki juu."

Kisha akaagiza maji. Akajaza kinywa, akampulizia binti kifuani mpaka blauzi ikamganda, nasi tukacheka, hata yeye akacheka huku anafuta macho.

"Nenda, mke mwenzangu. Ila ukitengeneza kikubwa, usikipe jina la mtu."