Siku Darasa Langu Lilipoamka

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka pua yangu hupata tena harufu ya nyasi mbichi na dawa ya aidini. Ulipokuja juzi ukaniambia kwamba wanafunzi wako wa chuo husinzia ukiwafundisha, na kwamba sasa umechoka nao, ulinikuta nimenyamaza ukadhani sina la kusema. Ninalo. Nilikuwa najicheka mwenyewe kwanza, maana mimi nililaza darasa zima kabla wewe hujazaliwa. Kaa hapa karibu, chai bado ni moto.

Ilikuwa miaka ile ya thelathini, wakati msitu wa huku kwetu Kericho ulikuwa ukikatwa kilima baada ya kilima ili chai ipandwe. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilivaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi hata ikaweza kusimama yenyewe, na viatu, mwanangu, viatu vya ngozi! Nilikuwa mwalimu katika chuo kidogo cha madresa kando ya hospitali ya misheni. Dresa alikuwa mtu wa kuosha na kufunga vidonda, kugawa dawa, na kumwita daktari mambo yakizidi. Wanafunzi wangu walikuwa kumi na wawili, wanaume watupu. Wengi walikuwa vijana wetu wa Kipsigis, wengine wametoka upande wa ziwa, na mmoja, Wanjohi, alitoka Nyeri na maneno mengi kuliko mizigo.

Nilikuwa na daftari moja lenye jalada jeusi, nililoandika nilipokuwa mwanafunzi. Kila asubuhi nilisimama mbele nikalisoma. Wao wakaandika. Kisha nikauliza, wakajibu kwa pamoja kama kwaya. Nikiuliza tena, wakajibu tena, neno kwa neno, na mimi nikatembea huku na huku mikono nyuma, nikijiona bwana mkubwa. Baadaye sana ndipo nilipojua jina waliloniita nikiwapa kisogo: Gramafoni. Unaizungusha, inasema, inakwisha, unaizungusha tena.

Daktari wetu alikuwa mzungu mrefu asiyependa maneno mengi. Alipokuwa akijitayarisha kwenda kliniki za upande wa Sigor, kwa siku chache, aliniita ofisini. Akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Nikirudi, nitapima wanafunzi yako. Si kwa mdomo. Kama hawajui kazi, nafunga darasa. Wao wanarudi kwa chai, na wewe unatafuta kazi ingine."

Nikamjibu kwa fahari, "Daktari, wanajua kila kitu kwa moyo."

Kujua kwa moyo! Sikia, mwanangu, neno hilo lilivyonigeukia.

Katika darasa lile alikuwako kijana mmoja aitwaye Ogola, mtoto wa upande wa ziwa, aliyewahi kuchuma chai kabla ya kuja kwetu. Alikuwa mkimya, mwenye vidole virefu. Alhamisi, Daktari akiwa ameshaondoka, nilikuwa nikisoma somo la damu kwa mara ya nne, na jua limeanza kupasha mabati joto, na vichwa vinainama kimoja kimoja, ndipo Ogola akainua mkono.

"Mwalimu, samahani. Tunaweza kujaribu?"

"Kujaribu nini?"

"Kufunga. Mimi nasikia maneno yako, Mwalimu, lakini mkono yangu haijasikia bado."

Wenzake wakacheka. Mimi nikaona ninadharauliwa. Wazee walisema kuuliza si ujinga, lakini ujinga wangu mwenyewe ulikuwa umenijaa masikioni, sikuwasikia. Nikamwambia, "Ukiwa huna masikio ya kujifunzia, una mikono ya kukatia nyasi. Chukua fyekeo, toka nje." Akalichukua, akatoka. Na mimi nikaendelea kusoma.

Haikupita nusu saa tukasikia fyekeo linaanguka na sauti ya Ogola ikipiga kelele, "Mwalimu! Mwalimu, njoo!"

Tukatoka mbio. Watu wanne walikuwa wanapanda njia ya hospitali wamebeba machela ya matawi, na juu yake amelala kijana aitwaye Kibet, mkataji wa miti. Shoka lilikuwa limeteleza kwenye gogo lenye maji likaingia katika shavu la mguu wake. Kando yake alikimbia mama yake, mwanamke wa makamo aitwaye Taprandich, ameshika shuka iliyolowa damu. Damu ilikuwa ikiruka, mwanangu. Ikiruka kama maji ya mfereji uliotobolewa. Daktari alikuwa Sigor. Sista alikuwa ameenda kijijini kuzalisha. Dresa mzee wa wodi alikuwa na homa, amelala. Basi wote wakanitazama mimi.

Nikawageukia wanafunzi nikasema, "Haya! Damu ya mshipa mkubwa!"

Na wao, masikini, wakajibu! Wote kwa sauti moja, wamesimama wima juani: "Damu ya mshipa mkubwa ni nyekundu sana, nayo hutoka kwa kuruka, nayo ni ya hatari." Walipomaliza wakangoja swali la pili. Hakuna hata mmoja aliyepiga magoti.

Nikapiga magoti mimi. Nikachukua bandeji, na hapo, mwanangu, ndipo nilipojua ukweli ambao sikuwa nimemwambia mtu, hata nafsi yangu. Mimi pia nilikuwa nimefundishwa kwa kuandika. Tangu nimalize masomo nilikuwa nimefunga vidole na malengelenge tu, kisha nikapandishwa kuwa mwalimu. Bandeji ikaniponyoka ikabingirika kwenye vumbi, ndefu, nyeupe, mpaka miguuni pa mama yake Kibet. Niliyaona maneno yote ya daftari langu, ukurasa na mstari, na hayakuweza kunisogeza mkono. Maneno matupu hayavunji mfupa, na siku hiyo nilijua hayazuii damu pia.

Ogola akaja ubavuni pangu. "Mwalimu, niruhusu."

Nikasogea. Hiyo ndiyo kazi nzuri pekee niliyoifanya asubuhi ile: nilisogea.

Alikunja kitambaa safi, akakiweka juu ya kidonda, akakandamiza kwa ngumi zote mbili na uzito wa mwili wake. "Wanjohi, inua mguu! Juu zaidi! Weka kwa bega yako!" Wanjohi, yule mwenye maneno, akafanya bila neno. "Mwalimu, lete bandeji ingine." Nikakimbia, na viatu vyangu, nikaileta kama mtumishi. Kitambaa cha kwanza kililowa. Ogola hakukiondoa, akaongeza kingine juu yake, akazungusha bandeji, akaivuta, akazungusha. Sisi wote tulikuwa hatupumui. Kisha tukaona wekundu umesimama. Haukuenea tena. Nakuambia, mwanangu, darasa lile lilipiga kelele kama timu iliyotia goli! Mimi nilikuwa nalia.

Nilimuuliza, "Ulijifunza wapi?"

Akaangalia chini. "Kwa mguu ya benchi, Mwalimu. Jioni, na kitambaa ya shati langu la zamani. Halafu kwa mguu ya Wanjohi. Yule dresa mzee alikuwa anatuonyesha makosa. Tuliogopa kukuambia."

Mchana ule, Kibet amelazwa na anaomba maji, mama yake alinikuta nimeketi kwenye ngazi za darasa. Nilidhani atanishukuru, au atanilaani. Hakufanya hilo wala lile. Aliketi ngazi moja chini yangu, akapangusa mikono yake kwa majani, akasema kwa Kipsigis, taratibu:

"Kijana wangu, wewe ndiye unayewafundisha hawa?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nina mabinti watano. Wote wanajua kuosha kibuyu cha maziwa. Unajua niliwafundishaje?"

Nikatikisa kichwa.

"Sikuwaambia habari za kibuyu. Niliwapa kibuyu, na kijiti cha kusugulia, na mkaa wa kukipaka ndani. Wakakiharibu. Maziwa yakaoza, tukayamwaga, tukacheka, nikawauliza, 'Mnafikiri ni kwa nini yameoza?' Wakabishana mpaka wakapata. Sasa wananishinda mimi. Wewe umesimama na kibuyu chako mkononi, unawaonyesha kwa mbali, hutaki waguse. Unaogopa watakivunja? Au unaogopa watakushinda?"

Lo! Neno hilo la mwisho lilinipata pale pale palipouma. Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Na mimi nilikuwa nikiwalinda wasierevuke, ili nibaki mwerevu peke yangu. Yeye aliinuka akaenda kumpa mwanawe uji.

Siku tatu nilifikiri. Jumatatu niliingia darasani mikono mitupu. Jambo la kwanza, nilimwita Ogola mbele nikamwomba msamaha, wote wakisikia. Ilikuwa vigumu kuliko ninavyokueleza. Jambo la pili, niliwaambia watoe madawati nje.

"Nje, Mwalimu?" Wanjohi akauliza.

"Nje. Leo sisomi. Ketini wawili wawili. Mmoja ni mgonjwa, mmoja ni dresa. Huyu mgonjwa ameanguka kutoka juu ya mti, mkono umevunjika. Utaanza na nini? Usiniambie mimi. Mwambie mwenzako, na yeye akubishie."

Wakanitazama kama mtu aliyepatwa na malaria. Kisha mmoja akasema jambo, mwingine akasema hapana, na ghafla, mwanangu, chumba kikawaka! Watu waliolala tangu Januari walikuwa wanarukaruka. Bandeji zilipanda, zikashuka. Wanjohi alimfunga Cheruiyot mkono akakaza kweli kweli, akajisifu, na baada ya muda Cheruiyot akapiga kelele, "Vidole vyangu! Vimekuwa baridi! Mwalimu, tazama rangi!"

Wote wakamzunguka. Lile jambo la kutokaza mno walikuwa wameliimba mara nyingi kuliko nyimbo za kanisani. Siku hiyo ndipo walipoliona. Nilitaka kueleza, ulimi ukaniwasha, nikauuma. Nikauliza tu, "Kwa nini?"

"Damu haifiki," akasema mmoja.

"Utajuaje kama inafika?"

Wakaanza kupapasana viganja na shingo wakitafuta mapigo ya damu. "Hii hapa! Inaruka!" "Yangu iko wapi? Sina!" "Ukiwa huna umekufa, ndugu!" Wakacheka mpaka wakakaa chini. Ogola alikuwa anazunguka kutoka kundi hadi kundi akirekebisha vidole, na aliponiona nimemfunga mtu vibaya, akanirekebisha na mimi. Nikakubali. Unajua, sikujisikia mdogo hata kidogo. Nilijisikia kama mtu aliyevua viatu vinavyobana.

Mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Daktari! Alikuwa amerudi mapema, na kelele zile alidhani ni vita. Alisimama na kofia yake mkononi, akatazama watu kumi na wawili wamefungwa vichwa, magoti na viwiko, na mwalimu wao sakafuni, zamu yake ya kuwa mgonjwa, mguu hewani. Nikajua kazi yangu imekwisha.

"Hii ni nini?"

Kabla sijainuka, Wanjohi akasema, "Ni somo, Daktari."

Daktari hakucheka. Akasema, "Haya. Njooni wodini, wote." Akatupeleka kwa wagonjwa wa kweli, waliopanga foleni barazani. Kila mwanafunzi alipewa mtu wake. Nilisimama ukutani, nimekatazwa kusema. Mmoja alikosea, mwenzake akamnong'oneza, akafungua akaanza upya. Mwingine alimgusa mgonjwa kidole cha mguu, akauliza, "Baba, unasikia?" Hakuna aliyekuwa amemfundisha kuuliza hivyo. Wengine hawakufanya vizuri, sitakudanganya. Lakini hakuna aliyesimama wima akiimba.

Mwishowe Daktari alifika kitandani pa Kibet, akafungua, akatazama kidonda kwa muda mrefu. "Nani alifunga hii siku ya kwanza?"

Ogola akajitokeza. Daktari akampa mkono. Kisha akanigeukia, akasema, "Endelea na kelele yako."

Tukaendelea! Miaka tisa niliendelea na kelele ile. Ogola alipewa dispensari upande wa Soin, akawa anafundisha wasaidizi wake mwenyewe, na nasikia barazani kwake hakukosekana kicheko. Kibet alitembea, akachechemea kidogo, akaoa.

Sasa sikiliza, mwanangu, kwa kuwa wewe unafundisha hesabu za mashine na mimi sizijui. Usiwalaumu wanaosinzia kabla hujajipima. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Lazima mkono wake uwe na kazi katika karakana, la sivyo atalala karibu na moto. Ukiingia darasani kesho, sema machache, uliza swali ambalo wewe mwenyewe unalipenda, kisha nyamaza. Kunyamaza huko kutakuuma. Vumilia. Waache wabishane, waache wakosee wakiwa karibu nawe, maana kosa la darasani halimwagi damu ya mtu. Yule anayeuliza swali la kukuudhi usimtoe nje. Mpe nafasi ya mbele. Na siku mmoja wao atakapokurekebisha mbele ya wote, usikunje uso. Shangilia, kwa sababu kazi yako imezaa. Elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Nenda basi. Mungu aipe mikono yako subira na ulimi wako kiasi. Akujalie darasa lenye makelele mema, na wanafunzi watakaokupita mbali, nawe ufurahi kuwaona wakienda.