Kidole cha Mama Mkwe

Watu wakinisikia nikisali siku hizi hudhani nilizaliwa na imani kama mtu anavyozaliwa na masikio. Vijana wa kanisa huniletea shida zao, wakingoja niwape neno tamu la kuondoka nalo. Mjukuu wangu aliyepanga chumba Kaloleni alinijia juzi, kazi imemwishia, akaniuliza nilifanyaje miaka ile nisiwe na wasiwasi. Nikacheka mpaka nikakohoa. Nani kamwambia sikuwa na wasiwasi? Nilimsimulia habari ya jino moja, na sasa naiandika, maana aliondoka bila kumaliza chai.

Ilikuwa wakati wa Wajerumani, vita yao na Waingereza ilipofika hadi kwetu. Tulikaa upande wa mlima Meru, kwenye mteremko mto Nduruma unakoshuka kutoka msituni, mimi na mama mkwe wangu, tumezungukwa na migomba. Mume wangu alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Askari walimkuta akiuegemeza mgomba uliolemewa na mkungu, wakamwambia auache. Mgomba ulianguka wiki hiyohiyo. Mimba yangu ilikuwa changa, na alikokwenda hakukuja salamu wala habari.

Mtoto alipozaliwa, mama mkwe ndiye aliyempokea. Sitaki mtu amchukie mama huyu mapema. Alinipikia mtori wa ndizi, akanikamulia maziwa, akanikataza kuinama hata kuokota kuni. Alikuwa mkavu wa maneno, lakini mkono wake haukuwa mkavu.

Tatizo lilikuwa mkono wenyewe. Kwetu, mtoto hakuhesabiwa kuwa mtu kamili mpaka aote jino, na jino hilo lilitakiwa lianze chini. Likitangulia la juu, mtoto ni kigego, na kigego ni mkosi kwa ukoo mzima: ng'ombe watakufa, baba aliye safarini hatarudi. Kigego hakulelewa. Alipelekwa juu msituni kwenye baridi akaachwa huko, na mama yake akaambiwa asilie. Wajerumani walikuwa wamekataza jambo hilo, na wamisionari walilihubiri kila walipopata nafasi. Lakini boma la serikali lilikuwa mbali, na msitu ulikuwa karibu.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa mkaguzi wa ukoo. Watoto wote waliletwa kwake. Alinawa, akapitisha kidole cha shahada kwenye ufizi, juu na chini, kisha akasema neno moja: bado, au chini, au juu. Baada ya neno lake hakuna aliyekagua tena.

Mimi nilikuwa nimebatizwa tangu usichana, na mume wangu pia. Tulifunga ndoa kanisani. Nilijua habari za kigego ni upuuzi mtupu. Lakini kujua ni kitu kimoja na kulala usingizi ni kingine. Mtoto alipoanza kutoa udenda na kutafuna ngumi yake, nilianza kumpapasa ufizi. Nilimpapasa akiwa ameamka na akiwa amelala, nikiwa nateka maji, nikiwa nachochea moto. Mara nyingine nilimwamsha ili nimpapase. Ufizi ulivimba kwa sababu yangu, kisha nikaogopa ule uvimbe.

Jumapili moja mwalimu wa kanisa alifundisha juu ya ndege, kwamba hawana ghala na bado wanakula. Nilikaa nyuma nikiwa na hasira. Nilitaka kumwuliza kama hajawahi kuona kinda lililoanguka chini ya mti. Watu walipotawanyika nikamfuata.

"Mwalimu, mtoto anatoa udenda."

Alielewa papo hapo, kwa kuwa alikuwa mtu wa kwetu. Alimtazama mtoto, kisha akanitazama mimi.

"Mwachie Mungu, mama. Usihangaike."

"Kumwachia ni kufanya nini? Niambie kitu ambacho mikono inaweza kufanya."

Mwalimu yule sikumpenda sana, alikuwa na maringo ya viatu, lakini siku ile hakunidanganya. Akasema, "Anza na kidole. Acha kumpapasa. Kila unapotaka kumpapasa, mwambie Mungu akague yeye. Na mambo yakiharibika, mlete misheni, watampokea."

Misheni ilikuwa ng'ambo ya mto, na mvua za masika zilikuwa zimeujaza. Barabarani askari walikuwa wakikamata hata wanawake wabebe chakula cha jeshi. Nilirudi nyumbani nikimnung'unikia mwalimu na Mungu wake, ambaye pia alikuwa wangu.

Hata hivyo nilijaribu. Imani yangu yote wakati ule ilikuwa kukizuia kidole kimoja. Nilikalia mkono wangu kama mtoto aliyekatazwa sukari. Nilisema, "Kagua wewe, Bwana," mara nyingi mpaka maneno yakapoteza ladha. Mama mkwe alinitazama nimekaa upande upande akaniuliza kama nina jipu. Nikasema ndiyo.

Basi jioni moja nikiwa namnyonyesha mtoto, alinikwaruza. Mama anayenyonyesha hahitaji kidole. Kitu kidogo, kikali, kilinigusa kutoka juu. Nilimtoa kifuani, akalia, nikamrudisha, akanikwaruza tena palepale. Mama mkwe alikuwa ng'ambo ya moto akimenya ndizi. Niliinamisha kichwa ili asinione usoni.

Kukicha tu niliamua kukimbia. Mama mkwe alitoka kwenda kumkatia ng'ombe majani, kama desturi yake. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikajifunika, nikatoka. Mvua ilikuwa ikinyesha. Sikufika hata mwisho wa migomba. Alikuwa amesimama kwenye njia, mundu mkononi, majani hajakata hata moja.

"Unakwenda wapi na mvua hii?"

"Kuteka maji, mama."

"Bila kibuyu?"

Aliweka mundu chini, akakinga mikono yake kwenye mvua, akaisugua, akaikung'uta. Nilielewa kwamba ananawa.

"Nipe mtoto."

Nimesikia watu wakishuhudia kanisani kwamba katika saa ya namna hiyo amani iliwajaa. Mimi sikupata amani yoyote. Nilijaa hofu. Kukataa kulikuwa sawa na kukiri, na nguvu za kumsukuma nilikuwa nazo, maana yeye alikuwa mzee na mimi binti wa kubeba mikungu. Nilimfikiria akianguka kwenye tope. Nilifikiria mto. Halafu nikajisikia nikisema kimoyomoyo, kagua wewe, na mikono yangu ikaanza kufungua nguo. Haikuwa rahisi, fundo lilikuwa limelowa, na nililifungua kwa meno. Nikamtoa mtoto wangu, nikampa.

Alimpakata, akamkinga na mvua kwa kifua chake, akaingiza kidole. Alianza chini. Kisha akakipeleka juu, na hapo kidole kikasimama. Nilikitazama. Hakikusogea. Mtoto aliacha kulia. Sikujua kwa nini aliacha, na niliogopa zaidi kuliko alipokuwa akilia.

Mama mkwe aliinua macho akanitazama, kwa muda ambao ningeweza kupalilia tuta zima.

"Bado," akasema.

Akanigeuza kwa bega, yeye mwenyewe akamfunga mtoto mgongoni mwangu, akalikaza fundo. "Rudi ndani. Na tangu leo mtoto huyu asikaguliwe na mtu mwingine. Hata wewe."

Nilirudi. Nikakaa chini ndani ya nyumba, pembeni ya ng'ombe tuliolala nao humo. Nilijua kwamba anajua. Alijua kwamba najua. Hatukusemezana neno juu ya jambo hilo.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya kuliko siku ile, maana mtoto alijifunza kucheka. Watoto wengine hucheka wakichekeshwa. Huyu wangu alicheka kwa kila kitu, kuku akipita anacheka, moshi ukimwingia puani anacheka. Mgeni akiingia, mama mkwe alimchukua mtoto haraka akamtia kidole mdomoni, kana kwamba anamtuliza. Wageni aliwakalisha upande wa moshi. Mimi nilikuwa nikimsimulia mtoto mambo ya huzuni ili anune.

Aliyetusumbua alikuwa shangazi wa mume wangu, mwanamke mwenye jicho la mwewe. Mama mkwe na yeye walikuwa mawifi, na hawakuwa wakipendana hata kidogo.

"Mtoto mkubwa namna hii hajaota?" aliuliza.

"Baba yake naye alichelewa," akajibu mama mkwe.

"Baba yake nakumbuka hakuchelewa."

"Basi umri unakupotezea kumbukumbu, wifi yangu."

Lile la chini lilipochomoza hatimaye, la juu lilikuwa tayari limeshuka na kusimama kama jembe. Mama mkwe akatangaza: jino limeota, chini. Shangazi alikuja kabla umande haujakauka, na wanawake wa ukoo nyuma yake. Hakuomba ruhusa. Alimtoa mtoto mikononi mwangu, akamtekenya, naye akacheka kwa moyo wake wote, mdomo wazi.

Wote waliona. Shangazi aligeuka polepole.

"La juu ni kubwa kuliko la chini."

"Lilikuja haraka," akasema mama mkwe.

"Sema tena."

Mama mkwe aliinuka. Alitoka nje. Nilidhani ametuacha, na nikaanza kutafuta kwa macho ule mundu ulipo. Lakini alirudi na jani la isale, ule mmea tunaoupanda mipakani, ambao kwetu mtu akiushika na kusema uongo hawezi kuuona mwisho wa mavuno. Akalishika jani kwa mikono miwili mbele ya wanawake wote.

"La chini lilitangulia. Kidole changu ndicho kilichogusa. Aliye na kidole kingine akilete."

Hakuna aliyekileta. Shangazi alinirudishia mtoto. "Kama umeshika isale, mimi ni nani?" akasema, akaondoka na wenzake.

Usiku huo nililala. Nasema kweli, nililala kama gogo, na usiku uliofuata vilevile. Nilimshukuru Mungu kwa machozi, asubuhi na jioni, kwa sauti. Nilinenepa. Niliona mama mkwe anakonda, nikadhani ni uzee.

Nisikuache njiani: mume wangu alirudi baada ya Wajerumani kuondoka, miguu imevimba, kifua kibovu, lakini alirudi, na mgomba wa kwanza aliouona umelemewa aliuegemeza kabla hajaingia ndani. Mtoto yule sasa ni babu, anakaa Kijenge, ana mvi. Meno yameanza kumtoka, na ya juu ndiyo yaliyotangulia.

Lakini kabla mume wangu hajarudi tulivuna ulezi. Siku tuliyomaliza kupura, mama mkwe alikaa kwenye mawe ya ua, mikono imemlegea mapajani. Mtoto alikuwa akitambaa kati ya makapi. Nilimletea uji, hakuupokea.

"Mavuno yameisha," akasema.

"Yameisha, mama. Mungu ametusaidia."

"Na mimi niko hapa."

Hapo ndipo nilipoelewa, na uji ukanimwagikia miguuni. Siku zote zile, tangu aliposhika jani, mama huyu alikuwa akingoja kufa. Na zaidi ya kufa: kwa imani yake, kumficha kigego kulikuwa kumfungia njia mwanawe asirudi. Alimchukua mwanawe mwenyewe akamweka rehani kwa ajili ya wangu.

"Kwa nini, mama?" nikamwuliza.

"Alininyonya kidole," akasema, kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha mtoto. "Mvua ile, mimi namtafutia jino la kumfukuzia, naye ananinyonya kidole. Ningefanya nini?"

Kisha akasema neno ambalo sijalisahau. "Nilikuwa nakusikia unakoroma. Wewe ulikuwa na wa kumwachia. Mimi nilikuwa na jani."

Niliona aibu, na aibu ile sijaimaliza. Mimi niliacha kuhangaika, nikasema ni Mungu amenibebea, na ni kweli, nitaisema mpaka kaburini. Ila alinibebea kwa mgongo wa mwanamke huyu, na yeye hakuwa na mtu wa kumtua.

"Nikuombee, mama?" Nilikuwa sijawahi kuthubutu kumwuliza.

Alitazama kidole chake, akakigeuza. "Huyo Mungu wako anapokea hata hofu iliyokwisha kuogopwa?"

"Sijui. Nadhani anapokea."

"Basi mwombe."

Nikafumba macho, nikaanza kwa maneno mazuri ya kanisani, nikamshukuru kwa mavuno, kwa uzima, kwa ulinzi. Mama mkwe akanigonga goti.

"Hayo anayajua. Mwambie kwamba mtoto huyu nilimdanganyia. Na wale wawili wa kabla yake, wa ukoo, ambao nilisema juu wakapelekwa msituni, hao nilisema kweli. Mwambie achague mwenyewe anisamehe lipi."

Nilifungua macho. Hakuwa akilia. Alikuwa akimtazama mtoto, aliyekuwa amekaa kwenye makapi akicheka, mdomo wazi. Nikayafumba tena, nikamwambia Mungu kama alivyonituma, neno kwa neno.