Msimu Ule Mnaomhesabia Kocha

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue viatu. Ilikuwa kwenye klabu ya wazee wanaobingirisha mipira kwenye majani, huku upande wa mashariki wa Johannesburg, na mimi nilikuwa nimekuja na buti mpya nilizonunua Jeppestown kwa ajili ya siku hiyo. Msimamizi wa Viwanja, mzee mrefu mwenye shingo nyekundu, alinitazama miguuni akasema, "Buti nzuri. Zitoe. Tembea." Nikatembea pekupeku huku na huku, meno yakinigongana, maana ilikuwa asubuhi ya mwezi wa sita, ambao huku ni baridi kali. Nilipomaliza akauliza, "Wapi pagumu, wapi palaini?" Nikasema miguu imekufa ganzi. Akaniambia nirudie. Moyoni nikasema, wallahi huyu mtu ni mwehu. Lakini siku ya tatu nilimwonyesha sehemu mbili zenye mawe chini na moja inayotuamisha maji, naye akaniandikisha.

Naanzia hapo kwa sababu Mama Neema, Mwenyekiti wa tawi letu la mashabiki wa timu ya chuo hapa Yeoville, ameniomba niandike kwenye kijitabu cha tawi jinsi sisi wa zamani tulivyotunza viwanja, ili nyinyi vijana msome. Nimekubali, ila nina langu moyoni na sitalificha. Chuo kinatafuta kocha. Kocha wetu wa zamani ameomba arudi. Mnabishana saluni kwa Mama Neema, mnabishana kwenye simu, na kila mkimaliza kumsifu anatokea mtu mmoja anauliza, "Na ule msimu wake wa mwisho je?" Basi, mjadala unaishia hapo. Tawi litapeleka maoni yake chuoni, na wakubwa wameahidi kuyasikiliza. Kwa hiyo someni mpaka mwisho, hata pale nitakapowachosha na habari za majani.

Mimi ni mtu wa Buyenzi, Bujumbura. Kwetu majani yanaota hata usipoyataka. Huku juu Johannesburg majani yanalala. Haya yanayopandwa viwanjani yanaitwa kikuyu, na Wakenya wetu wakisikia jina hilo hawaishi kucheka. Ni majani hodari wakati wa joto, lakini baridi ikiingia, jalidi inayapiga, ile barafu nyembamba ya alfajiri, yanakauka na kuwa rangi ya mkeka mkuukuu. Na mpira wa vyuo unachezwa baridi hiyohiyo. Sasa sisi tunafanyaje? Tunapanda majani ya pili juu ya yale ya kwanza. Tunayaita rai, majani ya baridi. Mwezi wa tatu unanyoa kikuyu mpaka udongo uonekane, unakwaruza kwa reki, unamwaga mbegu za rai, unafunika kwa mchanga mwembamba, halafu unamwagilia kidogo kidogo asubuhi, mchana na jioni. Baada ya siku kama kumi kiwanja kinaanza kuota ndevu za kijani. Ukikosea hapo umekwisha, kwa sababu umeshakinyoa kiwanja na hakuna kitakachokifunika mpaka joto lirudi.

Klabu ile ilipofungwa nilihamia karakana moja ya Jeppestown, kunoa visu vya mashine za kukatia majani. Fundi Mkuu pale alikuwa Mzulu asiyependa maneno. Ukimaliza kunoa, anachukua kipande cha gazeti anakipitisha kwenye kisu. Kikikatika safi anasema "sharp", yaani safi kwa lugha ya mtaani huku, na kwenda zake. Kikichanika anakurudishia mashine bila kukutazama. Nadhani hakuwahi kulijua jina langu, na nilimpenda sana. Kupitia kwake ndipo Mkuu wa Michezo wa chuo alinipata. Alileta mashine yake, siku ya kuja kuichukua akapitisha kidole karibu na kisu akauliza, "Nani kainoa hii?" Fundi Mkuu akaninyooshea mkono. Mwezi uliofuata nilikuwa mtunza kiwanja wa chuo, pale chini ya kilima cha Observatory.

Nilikaa pale mpaka nilipostaafu. Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na karatasi zangu za ukimbizi nazo zilikuwa za kupangiwa foleni tangu alfajiri. Nalitaja hilo mlijue. Silitoi kama udhuru.

Kocha alikuja baadaye. Mtoto wa Soweto, zamani mwalimu wa hesabu, mpole wa sauti lakini mbishi wa roho. Siku aliyofika hakwenda kwanza kwa wachezaji, alikuja kwangu kwenye banda la mashine.

"Baba," akasema, "mpira wangu ni wa chini. Pasi fupi, mguu kwa mguu. Nahitaji zulia."

"Zulia nitakupa, Kocha, ila na wewe usinifanyie mazoezi golini. Pale ndipo panapokufa kwanza."

"Nikifanya?"

"Nitafungulia maji mkiwa ndani."

Akacheka. Tangu siku hiyo tulielewana. Nyinyi mnaijua miaka iliyofuata kuliko mimi, kwa sababu mlikuwa jukwaani mnapiga ngoma na mimi nilikuwa kwenye kona nikiangalia nyasi. Alichukua vijana waliokataliwa kwingine, wengine watoto wetu wa hapa Yeoville, akawafundisha kugusa mpira kidogo na kufikiri sana. Akaleta kombe. Mama Neema alilia siku ile mpaka wigi likakaa upande, na hata sasa anakataa.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Kuna gugu moja la baridi, fupi, la rangi ya limau, linaloota kwa mafungu mafungu. Mwaka mmoja lilinitia aibu. Timu ya wageni ilikuja, mtunza kiwanja wao akapita akiangalia chini, akaniambia, "Mzee, naona siku hizi mnalima mchicha." Watu wakacheka. Eish, sikulala! Mimi, niliyefundishwa kutembea pekupeku, naambiwa nalima mchicha! Mwaka uliofuata, kabla ya baridi, nikaomba dawa ya kuzuia gugu lile. Dawa hiyo haiui jani lililokwisha kuota. Inakaa kwenye udongo na kuzuia mbegu yoyote isiote. Mbegu yoyote, narudia, ya gugu na ya rai pia. Ndiyo maana kwenye kopo imeandikwa kwamba ukishaipiga usubiri miezi kadhaa kabla ya kupanda.

Niliyasoma maandishi hayo. Msije mkanitetea kwamba mzee hakujua Kiingereza. Niliyasoma na nikayaelewa, na mara ya kwanza niliipiga mapema kama inavyotakiwa. Halafu ikaja mvua kubwa ya mawe, nikajiambia dawa yote imesombwa, gugu litarudi, yule jamaa atarudi na mchicha wake. Nikapiga tena mwishoni mwa mwezi wa pili, peke yangu, bila kumwambia mtu. Mwezi wa tatu nikanyoa, nikapanda, kama kawaida yangu ya miaka yote.

Siku kumi zikapita, hakuna kitu. Ishirini, hakuna kitu. Nilikuwa napiga magoti kila asubuhi natafuta hata unyasi mmoja. Mkuu wa Michezo alipouliza nilimwambia jalidi imewahi mwaka huu, na mbegu tulizouziwa ni mbovu. Akaniamini. Makopo ya dawa niliyafukia nyuma ya banda.

Kocha naye alikuja. Akachuchumaa katikati ya uwanja, akakwaruza mchanga kwa kidole, akatoa mbegu tatu nzima kabisa, hazijavimba wala kuoza.

"Baba, mbegu ziko hapa. Mbona hazikuota?"

"Baridi, Kocha."

Akazitazama kiganjani, kisha akanitazama mimi. "Sawa," akasema. "Tutacheza na tulicho nacho."

Yaliyotokea baada ya hapo mnayajua, ila mlikuwa mnayaona kutoka juu. Mliona timu ya pasi fupi imegeuka timu ya kubutua mipira mirefu, mkasema Kocha ameishiwa. Ukweli ni kwamba mpira chini ulikuwa unadunda kila upande kwenye udongo ule mkavu, na pasi ya mita tano ilikuwa bahati nasibu. Mliona anafanya mazoezi kwenye lami ya uwanja wa netiboli, mkamcheka, mkaimba kwamba anafundisha madereva. Alikuwa anaokoa magoti ya watoto wenu, kwa sababu lami angalau ilikuwa sawasawa, na kiwanja changu kilikuwa na mabonde magumu kama saruji. Hata hivyo wawili waliumia vifundo vya mguu. Tukafungwa nyumbani, tukafungwa tena nyumbani, tukamaliza mkiani. Na mimi kila mechi nilisimama kwenye kona yangu nikisikia jina la Kocha linatukanwa, nikanyamaza. Niliona haya, jamani.

Mwisho wa msimu chuo kiliitisha kikao na mashabiki, palepale jukwaani. Kijana mmoja wa tawi letu, kinyozi, akasimama na kuuliza swali zuri kuliko yote: "Kocha, kwa nini uliacha mpira wako?" Kocha alikuwa na jibu la neno moja tu. Kiwanja. Mkuu wa Michezo alikuwa pale, watu wote walikuwa pale. Kocha akasema, "Mipango yangu haikwenda vizuri. Lawama ni yangu."

Hapo nikashindwa. Nikasimama na kofia mkononi, nikasema kwa sauti, "Si kweli. Msimu huu nimeuharibu mimi. Kiwanja nilikiua mimi mwenyewe."

Mnakumbuka mlifanya nini? Mlinipigia makofi. Mlisimama! Mama Neema alipiga vigelegele. "Mzee ana moyo!" mtu akapaza sauti. Mlidhani namtetea rafiki yangu, mlidhani ni heshima ya kizee ya kubeba mzigo wa mwenzako. Mkuu wa Michezo akasema, "Ahsante, Baba, tungekuwa na watu wote waaminifu kama wewe," akafunga kikao. Nami ningeweza kusema subirini, sijamaliza, twendeni nyuma ya banda nikawafukulie makopo. Sikusema. Nilikaa chini. Na niseme ukweli wote: yale makofi yalinipendeza.

Wiki ile Kocha hakuongezewa mkataba. Nilimkuta getini na sanduku lake la koni na filimbi.

"Nilijua tangu siku ya mbegu, Baba," akasema. "Baba yangu alikuwa mtu wa shamba. Mbegu mbovu huoza."

"Kwa nini hukusema?"

"Mimi nitapata timu nyingine. Wewe ungepata kiwanja kingine wapi, na karatasi zako zile?"

Akanishika bega, akaenda. Timu nyingine hakuipata. Popote alipoomba waliangalia msimu wa mwisho. Amekuwa akifundisha watoto wa shule ya msingi hesabu, na Jumamosi anawachezesha mpira kwenye changarawe.

Mimi nilipanda tena mwaka uliofuata, kiwanja kikapona, nikapewa saa ya ukutani siku ya kustaafu. Sasa magoti yananiuma na nina muda mwingi wa kufikiri. Vijana wanaojifunza kazi hii hunijia kuuliza siri yake. Mashine na mchanga mtafundishwa na yeyote. Mimi nawaambia jambo moja: ukiua kiwanja, sema siku hiyohiyo, asubuhi, kabla mtu hajavaa njumu. Nyasi nimeziotesha upya mara nyingi sana. Ile miaka ya yule bwana sijui naioteshaje.

Jana nilimsomea Mama Neema karatasi hizi saluni kwake. Aliacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa, akakaa.

"Baba, unataka nizitoe hivihivi?"

"Hivihivi."

"Watu watakuchukia."

"Kocha wamemchukia miaka yote hii, na hakuwa na kosa."

Akafuta macho kwa kitambaa cha saluni na kuniambia niache karatasi mezani.

Basi, mkikaa kuandika maoni ya tawi, mhesabieni Kocha misimu yake yote isipokuwa huo mmoja. Huo andikeni jina langu. Na safari hii, tafadhali, msinipigie makofi.