Kaka Alisema Inakimbia

Jumamosi, tarehe ishirini Aprili. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika kidogo saa tatu, ikarudi na upepo kutoka upande wa milimani. Njia ya Katindiuka, kwa kaka, ni tope tupu. Nimepita viatu mkononi, kompyuta nimeifunga kwa nailoni mbili.

Naandika kwa sababu kesho baada ya ibada kuna kikao cha ukoo juu ya kaka yangu, na kikao hicho kimeitwa kwa neno langu mimi. Nataka niliandike lile neno kama lilivyokuwa, nisije nikajipunguzia lawama.

Kaka alipatwa na kiharusi mwaka jana wakati wa kuvuna. Mkono wa kulia umelala, mguu anauburuta, na maneno yanamtoka moja moja, tena mpaka usubiri. Anayemfanyisha mazoezi hospitali alituambia vidole vya kushoto visikae bure, vipewe kazi anayoipenda. Nikafikiri sana. Alichopenda kaka, kabla ya shamba na familia, kilikuwa gemu ya vifaru vya vita. Baba yetu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha sukari, na mwenzake mmoja aliyekuwa anarudi kwao Kigoma alituachia mashine ya gemu, ile ya kuchomeka kaseti na kuunganisha na tivii. Kaseti yenyewe ilikuwa moja. Vifaru vya adui vinashuka kutoka juu, ninyi wawili mnalinda ngome chini. Tulicheza mpaka maandishi kwenye pedi za kubonyezea yakafutika. Mashine ilikufa zamani na sijui nani aliitupa.

Mimi nina chumba cha kuchapa na kutoa kopi pale mjini. Shule yangu ni darasa la saba, kompyuta nimejifunza kwa kubonyeza. Fundi anayenitengenezea printa aliniambia ipo programu inaitwa emuleta, inaifanya kompyuta ijifanye mashine ya zamani. Akaniwekea. Mwanzoni ilikuwa aibu. Picha inakwamakwama, sauti inakwaruza kama redio yenye betri zilizochoka, na ukibonyeza pedi kifaru kinafikiri kwanza ndipo kigeuke. Fundi alikaa nayo siku mbili. Akazima mapambo ya picha ambayo kompyuta yangu haiyawezi, akafunga programu zilizokuwa zinakula nguvu chini kwa chini, akaleta pedi ya waya badala ya ile isiyo na waya. Kisha akanipigia simu.

"Dada, njoo uone. Sasa inakimbia hatari!"

Na kweli ilikuwa laini. Kazi yake aliifanya vizuri, sina la kumlaumu.

Jumapili iliyopita nikaipeleka kwa kaka. Wifi yangu, mke wake, alimkalisha kwenye kiti cha mbao, kompyuta tukaiweka juu ya stuli. Baba mdogo naye alikuwepo, ametoka Mang'ula kumwona mgonjwa. Muziki wa kuanzia ukalia. Kaka akakunja uso. Nikamshikia pedi upande mmoja, akacheza kwa mkono wa kushoto, akafa mara tatu chapuchapu.

"Inakimbia," akasema.

"Eeh, hata fundi kasema, inakimbia vizuri."

"Ina-kimbia." Akaisukuma pedi.

Wifi akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Wifi, mzoee tu. Huyu siku hizi hata kobe anamwona bodaboda."

Tukacheka. Mimi pia nilicheka. Kaka hakucheka.

Tulipotoka nje baba mdogo akaniuliza, "Wewe ndiye umekua naye. Unamwonaje?" Nikamjibu hivi, na haya ndiyo maneno yenyewe: "Baba mdogo, akili naona imekuwa nzito. Kitu alichokuwa anakicheza amefumba macho, leo kinampita."

Jumanne nikasikia kuna kikao. Kaka na wifi wahamie Mang'ula, wakae nyumbani kwa baba mdogo, na mashamba yao ya mpunga walime watu wengine wa ukoo. Kaka alipoambiwa alisema "Hapana," akageukia ukutani. Watu wa ukoo wakasema hata hicho anachokataa hakijui, maana dada yake mwenyewe kasema akili imepungua. Mimi sikusema imepungua, nilisema nzito. Lakini sioni kama tofauti hiyo inaniokoa.

Niseme na hili, lisije likaonekana vibaya. Baba mdogo hana tamaa. Siku kaka alipoanguka shambani, yeye ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani, na umri ule. Anachoogopa ni kwamba wifi ataelemewa, na anaweza akawa sahihi.

Leo nilikwenda kumsaidia wifi kazi za ndani. Kaka alikuwa barazani, anagonga kidole kwenye kiti na kuimba kwa puani. Ilinichukua muda kuutambua ule wimbo. Ulikuwa muziki wa kuanzia wa vifaru, ila aliuvuta polepole. Nikasema moyoni, ndio huo uzito wenyewe. Halafu, sijui kwa nini, nami nikauimba kimoyomoyo kama ninavyoukumbuka kutoka sebuleni kwetu. Ukaenda sambamba na wake, hatua kwa hatua.

Nikawasha kompyuta. Muziki wake ukatupita wote wawili. Umefika mwisho, sisi bado tuko katikati.

Nikampigia fundi. "Hivi vifaru vinaweza kuwa vinakwenda haraka kuliko inavyotakiwa?"

"Dada! Vilikwama ukalalamika, sasa vinakwenda unalalamika?"

"Nijibu tu, fundi."

Akauliza mashine yetu ilinunuliwa nchi gani. Nikamwambia ilinunuliwa hapa hapa Tanzania, Dar. Akaguna.

"Lo, leo mjinga ni mimi. Mashine zilizouzwa huku zilifuata tivii za huku, picha hamsini kwa sekunde. Hiyo emuleta imejiweka kwenye za nchi nyingine, sitini."

"Kwa hiyo inakimbia?"

"Inakimbia, dada. Mgonjwa kasema kweli."

Akanielekeza kwa simu, fungua hapa, shuka, tafuta mstari wa eneo, chagua wa pili. Nilikosea mara mbili, mara ya tatu nikapata. Muziki ukaanza upya. Kaka aliinua kichwa.

"Ndiyo," akasema. "Hiyo."

Sitaki kutia chumvi. Alicheza akafa, mkono ni wa kushoto na haujazoea. Lakini kabla adui hajatokea alikuwa anasema. "Kulia." Kifaru kikashuka kulia. "Kati." Kikashuka kati. "Kushoto." Hakukosea hata kimoja mpaka mwisho wa hatua ile. Mimi niliyecheza naye miaka yote ile sikuwa nakumbuka chochote.

Nilikaa nikijiuliza. Kukumbuka vifaru si kuendesha shamba, na mimi si daktari. Ila neno langu lilitokana na vifaru hivyo hivyo, na kipimo kilikuwa na kasoro. Kipimo kikianguka, neno nalo linaanguka.

Baba mdogo alikuwa ameshafika mjini kwa ajili ya kesho, kwa jamaa zetu. Nikamfuata kwenye mvua hiyo hiyo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mama. Mbona umelowa hivyo?"

"Neno nililosema juu ya kaka, nimekuja kulirudisha." Nikamweleza yote, hamsini na sitini.

"Kwa hiyo ukoo mzima usimame kwa ajili ya gemu?"

"Hata kuitwa, uliitwa kwa ajili ya gemu, baba. Mimi ndiye niliyekosea, siyo yeye."

Akachukua mwavuli, tukatoka kwenda kwa kaka.

Alipofika alikaa mbele ya kaka, akamuuliza shamba la karibu na mto msimu huu limepandwaje. Wifi akafungua mdomo kujibu, kama tulivyozoea wote. Nikamgusa goti. Tukasubiri. Bati linapigwa na mvua, kaka midomo inatafuta. Nikahesabu pumzi zangu, nikaacha.

"Nusu," akasema. Kisha, baada ya muda mrefu zaidi, "Maji... yalichukua mbegu. Nusu."

Wifi akatikisa kichwa kukubali. Ni kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui.

Baba mdogo alitazama chini. "Tangu augue," akasema, "sijawahi kumsubiri namna hii." Halafu akasema kesho tutakaa, lakini hapa hapa kwa kaka, na kaka ataanza kusema yeye, hata ikichukua mchana wote. Habari ya kuhama au kutohama hakuitaja. Sitaandika zaidi ya alichosema.

Jioni tulikula ugali kwa kambale mkavu na matembele aliyoyachuma wifi kwenye mvua. Baba mdogo alikula nasi, na kaka alikula kwa kijiko, mkono wa kushoto.