Sweta Niliyoiweka Kwenye Mchezo wa Jumapili

Kila Jumatatu saa nne asubuhi, chai ikishamiminwa, mashine za kufuma katika kibanda chetu cha Kabiro, Nairobi, zilinyamaza na watu watatu wakanigeukia. Walikuwa wakingoja niwasimulie mchezo wa tivii wa jana.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Tulifuma sweta za shule, sisi wanne, kwa mdosi mmoja aliyekuja kutuangalia mara mbili kwa wiki. Mimi nilikaa kwenye mashine ya dirishani. Kulikuwa na dada mmoja wa vifungo, mwenye sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Kulikuwa na mpiga pasi, mwanamume wa makamo aliyependa kubishana. Na kulikuwa na Mama, aliyeunganisha mikono na shingo kwa sindano. Alikuwa na miaka sitini hivi, mtu wa upande wa Ziwa, na sote tulimwita hivyo tu, Mama.

Kati yetu, ni mimi peke yangu niliyeona televisheni. Jirani yangu wa mtaa wa Laini Saba alikuwa na tivii ndogo iliyotumia betri ya gari, na Jumapili jioni alituruhusu kukaa sakafuni kwake, bora tuache viatu mlangoni. Mchezo wenyewe ulihusu wafanyakazi wa hoteli ya Wazungu wakati wa mkoloni. Kulikuwa na meneja mkali, karani Mhindi, mkuu wa meza mwenye kofia nyekundu, dobi, na msichana mrembo wa kutandika vitanda. Sisi hatukujali majina yao. Tuliwaita kwa kazi zao, kama majirani.

Niliwasimulia kila kitu, hata jinsi mlango ulivyofungwa. Kisha mabishano yakaanza.

"Pasi ya makaa haishikwi hivyo," mpiga pasi alisema wiki moja, nilipomwonyesha jinsi dobi alivyonyoosha shati la meneja. "Huyo angeacha alama ya moto. Hao watu wa mchezo hawajawahi kufanya kazi."

"Wewe unamwonea wivu dobi wangu," dada wa vifungo akamjibu. Alikuwa amempenda yule dobi bila kumwona hata siku moja. "Akikosa kumwoa yule wa vitanda, mimi nitaenda kumtafuta huko ndani ya tivii."

Mama alicheka kimyakimya, kisha akatueleza jinsi shuka za Wazungu zilivyokunjwa pembeni, kama bahasha. Alijua. Alipokuwa msichana aliyeolewa juzijuzi, alifanya kazi ya yaya kwa memsabu mmoja hapa hapa Nairobi.

Jioni tulirudi pamoja kwa miguu, mimi na yeye, kwa sababu alikaa Soweto West, si mbali na kwangu. Njiani ndipo aliponizoea. Aliniita nyathina, mtoto wangu, na mimi sikuwa na mtu mwingine Nairobi nzima wa kuniita hivyo.

Siku moja ya mvua, wale wengine walikuwa wameenda kula, Mama akaletewa sweta ya mtoto mchanga ya kurekebishwa. Ilikuwa nyeupe, ya sufu laini. Aliiweka mapajani na hakuishona. Baada ya muda akaanza kuongea bila kuniangalia.

Alisema kwamba kwa yule memsabu kulikuwa na kabati limejaa nguo za mtoto, nyingine hazijavaliwa. Kifungua mimba wake mwenyewe alikuwa akikohoa, na kibanda walichokaa kilikuwa na baridi. Akachukua sweta moja nyeupe, akaificha chini ya nguo yake, akaenda nayo. Memsabu alikuja kugundua. Mama aliulizwa, akakana. Akaulizwa mpishi, mwanamume kutoka Magharibi, upande wa kwetu, akakana pia. Lakini mpishi ndiye aliyekuwa na ufunguo wa nyumba. Askari wakaitwa. Walimpiga pale pale uani, karatasi zake za kazi zikaandikwa kwamba ni mwizi, akarudishwa kwao.

"Nilikuwa dirishani," Mama akaniambia. "Nimembeba mtoto wa memsabu. Nikaangalia mpaka mwisho."

Na yule mwanawe, aliyevalishwa sweta hiyo, alikufa kabla hajaanza kwenda shule.

"Sijamwambia mtu," akasema. "Hata mume wangu sikumwambia, mpaka amekufa."

Nilimshika mkono. Nikamwambia siri yake iko salama kwangu. Niliyasema maneno hayo kwa kinywa changu.

Haikupita hata miezi miwili. Jumapili moja betri ya jirani ilikuwa imekufa, na mahali pa kuchajia palikuwa pamefungwa. Tulikaa mbele ya kioo cheusi tukaangaliana, tukaenda zetu. Kesho yake nilitembea mpaka Kabiro nikijua sina cha kusimulia. Ningesema tu: jana betri ilikataa. Ni maneno matatu. Hakuna ambaye angenilaumu.

Lakini nilipoingia, dada wa vifungo alikuwa ameniwekea mandazi juu ya mashine yangu, bado ya moto.

"Haya, leta!" akasema. "Usiku sijalala nikimfikiria dobi wangu."

Mpiga pasi akavuta kigoda chake karibu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema ukweli wakati ule. Ukweli ni kwamba siku nyingine zote za wiki mimi nilikuwa mtu wa kawaida tu. Jumatatu nilikuwa mtu wa kungojwa. Sikutaka kuikosa Jumatatu yangu.

Nikaanza. Nikasema mgeni wa chumba cha juu amepoteza sweta ya mtoto wake. Sijui ilitoka wapi. Ilikuwa mdomoni kabla sijaifikiria, na ikishatoka, iliyobaki ikafuata yenyewe. Nikasema msichana wa vitanda ndiye aliyeichukua, ameificha chini ya nguo. Nikasema wamemshika dobi, wakampiga uani, na yule msichana amesimama dirishani anaangalia. Sijawahi kusimulia vizuri kama siku ile. Dada wa vifungo alifunika mdomo kwa mikono yote miwili.

Mama alikuwa nyuma yangu kidogo, upande wa kushoto. Sikumwangalia. Nilisikia tu uzi wake ukipita kwenye sufu, ukasimama, halafu ukaendelea.

"Yule msichana ni nyoka," dada wa vifungo akasema. "Tena mbaya. Mtu akuuze hivyo, na wewe umempenda!"

"Afungwe," mpiga pasi akasema. "Mwizi ni nafuu. Mwizi ameiba sweta. Huyu ameiba mtu."

"Mungu hatamwacha. Atamlipiza kwa watoto wake, wewe ngoja uone. Watoto wake hawatakua," dada wa vifungo akamalizia.

Hapo nilitaka kunyamazisha kila mtu. Niligeuka. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, sindano iko mkononi. Akauliza kwa sauti yake ya kawaida, ya upole:

"Na yule dobi, alipelekwa wapi?"

"Bado hawajaonyesha, Mama," nikasema.

"Sawa," akasema.

Jioni hakuningoja. Alimwambia mpiga pasi kwamba anapitia kanisani. Siku mbili zilizofuata alikuja, akafanya kazi, akanisalimia kama anavyomsalimia mdosi. Alhamisi alikunja sindano zake kwenye kitambaa, akasema macho yake yamechoka na hawezi tena kazi ya sufu. Hakurudi.

Jumatatu iliyofuata mpiga pasi aliingia akicheka mpaka machozi. Shemeji yake alikuwa amepata tivii, na huyo shemeji alikuwa ameona sehemu zote mbili, ya juma lile na ya jana. "Sweta gani? Hakuna sweta! Dobi yuko, amepewa siku mbili za mapumziko, amekwenda kuvua samaki! Wewe msichana umetudanganya wiki nzima!"

Nilidhani watakasirika. Walicheka. Dada wa vifungo alinipiga mgongoni akasema hadithi yangu ilikuwa tamu kuliko ya watu wa tivii, kwamba niende nikawaandikie. Walinisamehe kosa ambalo hawakulijua, na nilikaa pale nikicheka nao kwa sababu ningesema nini?

Ilinichukua wiki tatu kwenda Soweto West. Si mbali. Ni mwendo wa dakika chache kutoka kwangu, na mara mbili nilifika karibu na mlango nikageuka. Mara ya tatu alikuwa nje anaanua nguo, akaniona kabla sijakimbia.

"Ingia," akasema.

Nilipiga magoti pale sakafuni. Nilimwambia kila kitu: betri, mandazi, mdomo wangu. Nililia. Yeye alikaa kitandani na nguo zake mapajani, akizikunja moja moja.

"Waliyoyasema wale," akasema mwishowe, "mimi hujiambia kila siku. Hayo sikukasirikia. Lakini wewe, nyathina, nilikuwa nimekupa siri yangu."

Nikajifuta uso kwa kiganja.

Akamaliza kukunja. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Alisema kwamba tangu siku ile, swali alilouliza kibandani halijamtoka kichwani. Alikuwa amelificha miaka arobaini, na siku aliposikia sauti yake mwenyewe ikiuliza yule mtu alipelekwa wapi, alishindwa kulala. Mpishi aliwahi kumtajia soko la kwao. Akanitajia. Nililijua. Lilikuwa mwendo wa nusu saa tu kutoka nyumbani kwa mjomba wangu.

"Mimi lugha yenu siijui," akasema. "Utanipeleka."

Hakuwa ananiomba.

Tulikwenda mwezi wa nane, shule zilipofungwa na mdosi aliponipa likizo. Pale sokoni niliuliza wazee habari za mtu aliyewahi kupikia Wazungu Nairobi. Hatukuuliza sana. Mwuza viatu mmoja alionyesha njia kwa kidole, akasema, "Yule mwizi? Alikufa zamani. Mjane wake yupo."

Mama alielewa neno lile bila mimi kulitafsiri. Nilimwona.

Mjane alikuwa mzee sana, amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba anachambua maharagwe, na binti yake mtu mzima yuko jikoni. Tulikaribishwa viti. Mama alikataa kiti, akakaa chini. Aliongea Kiswahili polepole, sentensi moja moja, na baada ya kila sentensi alinyamaza ili niitafsiri.

Nilikuwa nimeifikiria safari nzima bila kufikiria jambo hili. Ilibidi niiseme hadithi ile tena, kwa mdomo ule ule. Na kwa kuwa nilikuwa mdomo wa Mama, niliisema kama yangu: Nilichukua mimi. Niliulizwa, nikakana. Nilikuwa dirishani. Safari hii sikuipamba. Mara moja nilikwama, Mama akaningoja.

Mjane hakuacha kuchambua maharagwe mpaka nilipomaliza. Kisha akasukuma ungo kando.

"Alikufa akisema hakuchukua," akasema. "Alikuwa akilirudia kila mara. Mimi nilimwambia aache kulirudia, linatuaibisha mbele ya watoto." Akajipangusa mikono. "Mimi sikumwamini."

Nikamtafsiria Mama. Mama akafunika uso kwa leso.

Binti alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Mjane akamgeukia, na sauti yake ikawa kali ghafla. "Nenda kamwite baba yako mdogo. Aje asikie. Yeye ndiye alikuwa akimwita mwizi mbele za watu. Na wa jirani mwite."

Wakaja watu saba, wanane. Mama akasema tena, nami nikatafsiri tena, yote, tangu mwanzo. Yule shemeji wa mjane, mzee mwenye fimbo, alisikiliza amesimama. Mwisho akavua kofia, akaenda akasimama nyuma ya nyumba, upande wa kaburi la ndugu yake, na hakurudi mpaka tulipoondoka.

Hakuna aliyetufukuza. Hakuna aliyesema amesamehe. Mjane aliuliza swali moja tu: mtoto aliyevaa ile sweta yuko wapi. Mama akamwambia. Mjane akauvuta ungo wake karibu tena.

"Basi kaeni," akasema. "Mle kwanza."

Tulikula. Kesho yake tulirudi Nairobi, na ndani ya basi Mama alilala njia nzima, kichwa kimeegemea dirisha. Mimi sikulala.

Aliishi miaka mingine minne pale Soweto West kabla wanawe waliobaki hawajamchukua kwenda kwao Ziwani. Nilimtembelea karibu kila Jumamosi. Nilimchotea maji, nikamsomea barua za wajukuu wake. Alinipokea vizuri, akanipa chai, akanisimulia habari za kwaya, za mvua, za bei ya sukuma wiki. Wakati mwingine nilimwona amebeba jambo zito usoni, nikamwuliza, "Kuna nini, Mama?"

"Hakuna kitu," alijibu. "Kunywa chai yako."