Saa Iliyozoea Hasira Zangu

Mjomba wangu ana saa tatu. Mbili ni za kuvaa akienda kwa watu. Ya tatu ni mke wa pili, na hayo si maneno yangu, ni ya mke wa kwanza.

Ni saa ya chuma, nzito, haina betri wala haitiwi ufunguo. Ndani mna kibati kinachozunguka. Ukitembeza mkono inajijaza yenyewe, ukikaa kama gunia inakufa. Mjomba anaunda mashua hapa Kismayo, kutwa mkono unapanda na kushuka na tezo, kwa hiyo saa haikuwahi kulala. Babake alimvisha kule kisiwani Chovai ikiwa inatembea, naye akaapa haitasimama mkononi mwake.

Sasa siku moja akateleza juu ya mashua, akaanguka, bega likavunjika. Mwunga mifupa akamfunga vijiti na vitambaa, akamwambia alale chali, hata chafya aizuie. Tulidhani atalilia bega. Alilia saa.

"Itasimama," akasema.

"Bega kwanza," mkewe akamwambia.

"Bega litaunga. Ile ikisimama, mimi ndiye niliyeisimamisha."

Nikasema nipe mimi. Mimi nikimpenda mtu simwachi, na mjomba ndiye aliyekuwa akinikunjulia makaratasi yaliyofungiwa misumari mpaka nikajifundisha kusoma.

Akanitazama. "Wewe ukikasirika unavunja vitu."

"Nani kasema mimi nakasirika?" nikamuuliza, na nimeshakasirika.

Akanipa.

Nikaanza kukuna nazi. Mbuzi ile ya kukunia ndiyo inayotikisa mikono yote miwili, basi nikaikalia asubuhi na jioni. Tukala wali wa nazi, samaki wa nazi, maharagwe ya nazi. Mke wa mjomba akaniuliza kama kesho ni chai ya nazi. Kila nikimaliza nampelekea mjomba mkono sikioni, anafumba macho, anasikiliza.

"Saa si mchu," bibi yangu akasema kwa Kibajuni chake, maana mtu kwake ni mchu, "lakini nyinyi mwaiuguza kama mchu, na mgonjwa yuko kitandani hapo."

Nazi zikapanda bei, na mimi nikagundua dawa bora. Jirani yetu ni mama mshoni, ana saa ya plastiki ya betri. Siku hiyo napita mlangoni kwake akaniambia, "Yangu nikilala inatembea. Yenu inataka kubembelezwa kama kitoto."

Nikamjibu. Mimi nikisema, na mikono inasema. Niliporudi nyumbani saa ilikuwa inakwenda tiki tiki tiki kama kuku aliyeona mwewe. Mjomba akasikiliza, akatabasamu. "Leo umekuna nazi ngapi?"

"Leo sikukuna."

Tangu hapo nikiona inalegea napita kwa mama mshoni, hata kama sina safari.

Ikaja harusi ya binamu yangu. Tukapakwa hina mpaka juu ya kiwiko, na saa lazima ivuliwe. Nikamvisha bibi, kwa sababu yeye ndiye anayeongoza vugo, ile ngoma ya wanawake ya kugonga pembe kwa kijiti. Nikakaa nimenyoosha mikono, hina mbichi, natulia kama maiti, namkazia macho bibi asije akapumzika.

Mama mshoni akasogea. "Leo mama mtu kamwachia yaya mtoto?"

Jamani, nilijaribu. Nilihesabu mbavu zangu. Kisha nikasimama nikamwambia yote niliyokuwa nayo, kwa mikono yote miwili. Maua yangu ya hina yakahamia kwenye leso yake, na vidole vyangu viko ukutani mpaka leo. Bibi hakuacha kugonga hata kidogo. Alisema sauti yangu ilimpa mdundo.

Bega likaunga. Siku mjomba alipokaa kitako nikamvua vijiti vya mwisho, nikamvisha saa yake. Nilijiapia sitalia. Nikalia, nikasema ni kitunguu, na hakuna aliyekuwa akipika.

Lakini mkono wake bado ulikuwa mzembe, haujashika tezo. Asubuhi yake nikamkuta uani anaipungia hewa kama anayefukuza nzi, na mshale unajikokota.

"Imelegea," akasema.

"Tikisa."

"Natikisa. Haitaki. Umeizoesha hasira."

Akaivua, akanifunga mwenyewe mkononi, akabana kamba vizuri. "Nenda kwa jirani."

"Nikamwambie nini?"

"Lolote. Upesi, kabla haijasimama."

Nikaenda mbio. Nilimkuta mama mshoni ameshaweka kigoda mlangoni, ananingoja. Ila mkono wa kushoto ameuficha chini ya leso, ile yenye maua yangu.

Nikaitazama ile leso. "Mama," nikamwambia kwa adabu zote, "samahani, kwako saa ngapi?"

Hakuutoa ule mkono. Betri ilikuwa imekwisha.

"Mpumbavu wewe," akaanza, na mimi nikakunja mikono ya nguo.