Kabichi na Sentensi Iliyokatwa

Nilipokuwa nikimaliza masomo ya biolojia, mimi na rafiki yangu tuliwalisha panya majani ya kabichi kutoka mashamba ya Kiringye, kisha tukapima maini yao. Tulitaka kujionea kazi ya ukali ule wa kabichi mbichi ndani ya mwili: seli huudhani kuwa sumu ndogo, ikaziamsha jeni zake za usafishaji, nazo jeni zikaagiza vimeng'enya vya kuzifunga sumu kubwa na kuzitoa nje. Yeye alishika panya, mimi niliandika. Nilimwamini kama ndugu wa tumbo moja.

Baadaye nilialikwa kuieleza kazi hiyo parokiani, Kasenga. Rafiki yangu alinirekodi kwa simu. Nilisema kwamba kabichi huwaamsha walinzi wa seli. Kisha nikasema kwamba hiyo ni kinga tu. Uvimbe ukishaota, kabichi haiuondoi, na seli za saratani zaweza kuzitumia jeni hizohizo kujikinga na dawa ya hospitali.

Miezi kadhaa ikapita, nikamtembelea mama mdogo huko Nyakabere. Daktari alikuwa amemkuta na uvimbe kwenye titi na kumpangia upasuaji. Nilidhani umekwisha kufanyika. Nilimkuta akikoroga unga wa kijani katika kikombe cha maji. Akanisikilizisha simu yake: sauti yangu, safi, ikiwasifu walinzi wa seli, halafu kimya. Baada ya kimya, sauti ya rafiki yangu ilieleza mahali unga unapopatikana.

Nilirudi Kasenga kwa pikipiki. Makopo ya unga yalikuwa yamepangwa dukani kwa rafiki yangu, kila moja na picha ya kabichi. Alinipa kiti, akaniita profesa, na nilipomuuliza kuhusu rekodi akacheka, akisema kwamba watu hawapendi mahubiri marefu.

"Minye sikuongeza hata neno moja," akasema.

Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Kesho yake nilimrudia mama mdogo, nikamweleza ile nusu iliyokatwa, polepole. Alisikiliza, mkono juu ya titi. Uvimbe ulikuwa umekua, naye alijua.

"Nilikuamini weye, hapana ule muntu," akasema. "Juu ya nini haukuanza na hiyo?"

Alifunika kopo la unga, akalisukuma chini ya meza, akaniomba nitoe karatasi ya daktari ndani ya Biblia. Tarehe ya upasuaji ilikuwa imepita zamani. Tukaondoka na karatasi hiyo hivyohivyo, kwenda hospitalini.